Walter Annenberg: mtu wa jarida la ratiba za tivii alifikaje kuwa balozi London, na utajiri ule wote kwa nini aliugawa?

Bint Pangani:

Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho, nasoma mawasiliano ya umma, na kila nikifungua makala ya maana kuhusu vyombo vya habari lazima nikutane na jina Annenberg. Kuna Annenberg School ya University of Pennsylvania, kuna nyingine University of Southern California, halafu juzi naangalia picha za Van Gogh zilizopo makumbusho ya Metropolitan kule New York nako chini ya picha jina ni hilo hilo. Nikaamua kumfuatilia mwenyewe ni nani. Walter Annenberg, amezaliwa Milwaukee 1908, amefariki 2002 akiwa na miaka 94.

Sasa nilichokikuta kinanichanganya. Baba yake alifungwa kwa kukwepa kodi. Yeye akatajirika kwa jarida la kuonyesha saa ngapi kuna kipindi gani kwenye tivii. Kisha Rais Nixon akamteua balozi wa Marekani Uingereza wakati hakuwahi kufanya kazi ya ubalozi hata siku moja. Baadaye akauza kampuni, akaanza kugawa pesa mpaka nikahisi nimesoma vibaya hizo sifuri.

Nina semina darasani na mada yangu ni wamiliki wa vyombo vya habari na madaraka. Naombeni msaada kwa wanaomjua: ratiba za tivii zinamfanyaje mtu bilionea? Ubalozi aliupataje? Na hili la kugawa pesa, ni moyo wa kweli au ni kusafisha jina la familia? Hoja tafadhali, matusi hapana.

Mzee wa Kurasa:

Binti hongera kwa mada nzuri. Ila ukitaka kumwelewa Walter anza na baba yake, ukianzia ubalozini utapotea.

Baba anaitwa Moses, watu walimwita Moe, mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Prussia Mashariki, aliingia Marekani mtoto na familia ikaangukia Chicago. Akaajiriwa kwenye usambazaji wa magazeti ya Hearst, na usambazaji wa Chicago miaka ile usifikirie kijana wa baiskeli anarusha gazeti mlangoni, makundi ya kampuni zinazoshindana yalipigana mitaani kugombea kona za kuuzia, watu walipigwa na wengine walikufa. Moe alijifunza biashara hapo. 1922 akanunua Daily Racing Form, gazeti la mbio za farasi, ambalo mtu anayetaka kubeti lazima alishike mkononi maana ndani kuna historia ya kila farasi, amekimbia wapi, ameshika nafasi gani, uwanja ulikuwa mkavu au umelowa. Baadaye akaongeza mtandao wa waya za simu na telegrafu wa kupeleka matokeo ya mbio kwa wachezesha kamari nchi nzima, mbio zikiisha tu huku, mtu wa mji wa mbali sana anajua nani kashinda. Hapo ndipo pesa ilipokuwa, na hapo ndipo serikali ilipoanza kumtolea macho.

1936 akanunua Philadelphia Inquirer, gazeti kubwa la heshima, na akalitumia kumpiga Rais Roosevelt na sera zake. 1939 akashtakiwa kwa kukwepa kodi, na kwa kipindi kile ilikuwa kati ya kesi kubwa kabisa za kodi za mtu binafsi nchini mwao. Wapo wanaosema ilikuwa kisasi cha kisiasa na wapo wanaosema kodi hakulipa na ndio basi. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kodi hakulipa, na wenye serikali walifurahi kuligundua hilo.

Sasa sikiliza kitu ambacho wengi wanaomuandika Walter wanakipita haraka. Na Walter mwenyewe alishtakiwa kwenye kesi hiyo, kwamba alimsaidia baba. 1940 Moe akakubali kosa, na sehemu ya makubaliano ilikuwa mashtaka ya mwanae yafutwe. Akahukumiwa miaka 3, akapelekwa jela ya Lewisburg. Akatolewa Juni 1942 akiwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, na Julai akafariki. Walter ana miaka 34, ndiye mtoto pekee wa kiume mwenye dada saba, mama yupo, kampuni imebebeshwa deni la kodi na faini la mamilioni ya dola, na jina limechafuka kila mahali. Mtoto wa kiume ambaye baba yake kaingia jela ili yeye abaki nje, huo mzigo hauwezi kuutua. Ofisini kwake aliweka kibao chenye maneno ya kuomba kwamba kazi zake zilete heshima kwenye kumbukumbu ya baba yake. Miaka sitini iliyofuata ukiisoma ukiwa umelishika hilo, mambo mengi yanajipanga yenyewe.

Kipanga wa Tabata:

Mzee wa Kurasa umeeleza vizuri sana. Mimi nipo kwenye uchapaji nijibu lile la ratiba za tivii maana dada ameliuliza kama jambo dogo wakati lile jarida ni moja ya akili kubwa za biashara ya magazeti karne iliyopita.

Kwanza ieleweke kabla ya hapo alishaonyesha kwamba anaona mbali. 1944, vita bado inapiganwa, akaanzisha Seventeen, jarida la wasichana wa rika la shule, mhariri wake Helen Valentine. Wakati huo wafanyabiashara walikuwa hawamhesabu msichana wa miaka 16 kama mteja anayejitegemea, nguo ni za mama au za mtoto. Wao wakamfanya mteja, na matangazo yakafuata.

Ila TV Guide ndiyo iliyomtoa. Miaka ya mwanzo ya 1950 televisheni zinaingia majumbani kwa kasi na kila mji una kijarida chake cha vipindi. Walter akajiuliza kwa nini kisiwepo kimoja cha nchi nzima. Tatizo ni kwamba ratiba ya Chicago haimsaidii mtu wa Philadelphia, vituo ni tofauti na saa ni tofauti. Ndio akaja na mpango huu: kurasa za nje za rangi, zenye makala za waigizaji na picha nzuri, ni zile zile nchi nzima zinachapwa kwa pamoja, halafu katikati zinaingizwa kurasa nyeusi na nyeupe za ratiba ya eneo husika, zinapigwa pini, zinasafirishwa. Msomaji anashika kitu cha kitaifa kinachoonekana cha bei mbaya lakini ndani kinamwambia kituo cha kwao saa mbili usiku kuna nini. Akanunua vile vijarida vya New York, Chicago na cha kwao Philadelphia, akaviunganisha, na toleo la kwanza likatoka Aprili 3, 1953, bei senti 15, matoleo ya maeneo 10, juu kaweka mtoto mchanga wa Lucille Ball, mwigizaji maarufu wa tivii, mtoto ambaye nchi nzima ilikuwa inamzungumzia. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 1 na nusu.

Kwa mtu wa kiwandani fikiria kazi iliyopo hapo. Kila wiki, matoleo tofauti ambayo baadaye yalipita 100, kila moja na ratiba yake, na ukichanganya kurasa za mji mmoja kwenye jalada la mji mwingine umeharibu mzigo mzima. Ratiba zenyewe zinabadilika mpaka dakika za mwisho. Na ratiba ikishapita haina thamani, kwa hiyo kuchelewa ni sawa na kutochapa. Hawa watu walilifanya hilo kila wiki miaka na miaka. 1974 likawa jarida la kwanza kuuza nakala bilioni moja ndani ya mwaka mmoja. Miaka ya 70 linakaribia nakala milioni 20 kwa wiki. Na linauzwa kwenye kaunta ya supamaketi pale unapolipia, mtu anatupia kwenye kapu pamoja na mkate.

Halafu dada angalia kufanana na biashara ya baba. Moe aliuza taarifa kavu ambayo mtu anaihitaji leo na kesho haina kazi, nani anakimbia saa ngapi. Mtoto akauza taarifa kavu ambayo mtu anaihitaji leo na kesho haina kazi, nini kinaonyeshwa saa ngapi. Mtindo ni wa familia, tofauti ni kwamba huu wa pili hakuna polisi anayeufuatilia.

Msomaji wa Nakuru:

Niingie kwa upande wa ubalozi manake nimesoma sana historia ya Nixon.

Kwanza kuhusu Marekani kupeleka tajiri asiye na uzoefu London, hiyo ni desturi yao ya muda mrefu, zile balozi kubwa za Ulaya rais huwapa marafiki na wachangiaji. Walter na Nixon walikuwa marafiki wa kitambo. Nixon alipoingia 1969 akamteua, na kelele zikaanza hapo hapo kwao nyumbani. Seneta Fulbright aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje hakumtaka. Na huko London alikuwa anampokea kiti David Bruce, balozi aliyeheshimiwa kweli kweli, mtu wa kazi hiyo toka zamani. Kwa hivyo alifika watu wameshamchukia.

Halafu ikaja ile siku ya kupeleka hati za utambulisho kwa Malkia Elizabeth, Aprili 1969. Bahati yake mbaya ni kwamba wakati huo televisheni ilikuwa inarekodi filamu kuhusu maisha ya familia ya kifalme. Malkia akamuuliza swali rahisi tu la ukarimu, kama anaishi kwenye ubalozi. Angejibu tu ndio, ila bado mafundi wapo. Yeye akajibu kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama tupo kwenye makazi ya balozi, tukikabiliwa bila shaka na usumbufu fulani utokanao na hitaji la vipengele vya ukarabati na uboreshaji. Filamu ikaonyeshwa Juni, mamilioni ya Waingereza wakaiona, na magazeti yao yakamshukia mwezi mzima.

Wengi waliomcheka hawakujua kwamba huyu mtu alikuwa na kigugumizi toka utotoni. Sikio lake la kulia pia lilikuwa na kasoro toka kuzaliwa, upande huo hasikii. Mtu mwenye kigugumizi huzoea kuandaa sentensi mapema na kuzikariri, na mara nyingi hukwepa neno jepesi linalomkwama akachukua refu linalopita. Mimi nina ndugu yangu wa karibu mwenye kigugumizi na najua vile anapanga maneno kabla hajapiga simu. Ile klipu nikiiona mimi naona mtu anayepigana kumaliza sentensi mbele ya Malkia bila kukwama, na alimaliza.

Na angalia alifanya nini baada ya hapo. Hakurudi nyumbani. Ile nyumba ya balozi, Winfield House ndani ya Regent's Park, aliikarabati kwa pesa yake, karibu dola milioni moja za wakati ule, serikali haikutoa. Akatundika humo picha zake mwenyewe za wachoraji wakubwa wa Ufaransa, watu wa London waliomcheka wakawa wanatafuta mwaliko. Mkewe Leonore ndiye aliyejua itifaki kuliko yeye, na baadaye kabisa Rais Reagan alimpa Leonore kazi ya mkuu wa itifaki wa serikali nzima. Walter alikaa London mpaka 1974, zaidi ya miaka mitano, na 1976 Malkia huyo huyo akampa KBE, nishani ya juu ya heshima ya Uingereza. Waingereza hawampi mtu hiyo kwa kumwonea huruma.

Kalamu Nyekundu:

Ndugu zangu mnasifu sana na mimi sikatai alikuwa na akili, ila semina ya huyu dada ni wamiliki na madaraka, kwa hiyo kama hataletewa habari ya Milton Shapp basi tumemwangusha.

Pennsylvania, mwaka 1966, uchaguzi wa gavana. Shapp anagombea, mfanyabiashara, na msimamo wake mkubwa ni kupinga kampuni mbili za reli kuungana, Pennsylvania Railroad na New York Central. Na Annenberg alikuwa mwanahisa mkubwa wa Pennsylvania Railroad. Inquirer ni lake. Kilichofuata ni kwamba mwandishi wa Inquirer alimuuliza Shapp mbele ya watu kama aliwahi kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Shapp akasema hapana, na ukweli ni kwamba hajawahi. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa cha habari kwamba Shapp akanusha kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili.

Someni tena hiyo taratibu. Kila neno kwenye kichwa kile ni kweli. Ameulizwa, amekanusha. Na msomaji wa kawaida anayepita na gazeti mkononi anabaki na nini kichwani? Shapp akashindwa uchaguzi ule. Miaka minne baadaye akarudi akashinda, wakati huo Annenberg ameshauza gazeti, na kampuni iliyotokana na ule muungano wa reli alioupinga ikafilisika 1970, moja ya mifilisiko mikubwa iliyopata kutokea Marekani mpaka wakati ule. Yaani yule aliyeambiwa hana akili ndiye aliyekuwa sahihi.

Na haikuwa Shapp peke yake. Ndani ya chumba cha habari cha Inquirer kulikuwa na majina ya watu ambao mwenye gazeti amekasirika nao, hawatajwi, hata wakifanya jambo la habari linapita kimya. Nimeandika habari maisha yangu yote ya kazi na nawaambia hiyo ni silaha mbaya kuliko kutukana. Ukitukanwa unaweza kujibu. Ukifutwa unajibu nini? 1969 alipokwenda London akauza Inquirer na Daily News kwa kampuni ya Knight kwa dola milioni 55, na gazeti lilipona baada ya yeye kuondoka, miaka ya 70 na 80 likawa kati ya magazeti bora nchini mwao likibeba tuzo za Pulitzer mfululizo.

Kwa hiyo dada, mbele ya darasa usikubali hadithi iishie kwenye mabilioni. Mtu aliyejua uchungu wa jina la familia kuchafuliwa gazetini alimfanyia mwenzake hivyo hivyo, tena kwa jambo ambalo halikuwa kweli.

Bint Pangani:

Aisee nashukuruni mno, sikutegemea kupata vitu vizito hivi. Kalamu Nyekundu hiyo ya Shapp nilikuwa sijaiona popote, nimeitafuta baada ya kusoma na ipo. Hiyo naiweka mwanzo kabisa wa semina.

Sasa bado lile la kugawa pesa. Nani anajua alitoa kiasi gani kwa nani, na je ilileta matokeo au ni majina tu kwenye kuta?

Mzee wa Kurasa:

Kiasi ni hivi kwa kifupi. 1988 akaiuza Triangle Publications, kampuni yake iliyomiliki TV Guide na Seventeen, kwa Rupert Murdoch, tajiri mwingine wa vyombo vya habari, takribani dola bilioni 3, na bei ile ilishangaza watu. 1989 akaanzisha Annenberg Foundation kwa dola bilioni 1.2. Ila alianza kutoa kabla, shule ya mawasiliano pale Pennsylvania ni ya 1958, ya Southern California ni ya 1971, na 1981 aliahidi dola milioni 150 kwa shirika lililokuwa linafadhili redio na tivii za umma ili watengeneze vipindi vya masomo ya chuo ambavyo mtu anasoma akiwa nyumbani. Wakati huo kusoma chuo kwa tivii kulionekana ni ndoto.

1990 dola milioni 50 kwa mfuko wa vyuo vya Wamarekani Weusi, UNCF, hakuna aliyewahi kuvipa vyuo vile pesa nyingi namna hiyo kwa mkupuo mmoja. 1993 dola milioni 365 kwa taasisi nne siku moja: Pennsylvania 120, Southern California 120, Harvard 25, na Peddie 100. Hii Peddie ni shule ya sekondari ya New Jersey aliyomaliza 1927. Milioni 100 kwa sekondari! Chuo chenyewe aliingia Pennsylvania akaacha bila digrii, na bado ndicho alichokipa zaidi ya wote ukijumlisha miaka.

Msomaji wa Nakuru:

Na mwisho wa mwaka huo huo wa 1993, mbele ya Rais Clinton pale White House, akaahidi dola milioni 500 kwa shule za umma, zile za watoto wa kawaida. Hapo sasa Wakenya tunaingia. Mpango ule kila mji ulibidi utafute pesa zingine za kuongezea, na Chicago walipata dola milioni 49.2. Bodi ya mpango wa Chicago ilipoanza 1995 mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa wakili kijana ambaye baba yake alitoka Kogelo, Barack Obama. Alikuwa bado hata hajachaguliwa seneti ya jimbo. Kwa hivyo pesa ya mzee rafiki wa Nixon na Reagan, Republican wa damu, ndiyo iliyompa Obama moja ya nafasi zake za kwanza za kusimamia mamilioni.

Matokeo? Niseme ukweli wangu, Chicago haikwenda vizuri. Watafiti wa pale pale Chicago walipopima mwishoni waliona shule zilizopata pesa hazikupanda kimasomo kuliko zile ambazo hazikupata. Pesa iligawanywa shule nyingi mno kila moja kidogo kidogo, na watu wa nje waliofanya kazi na walimu walikuwa wa kila aina, wazuri na wabovu. Kwangu hiyo haimfanyi mtoaji mbaya, inaonyesha tu shule haibadiliki kwa hundi. Mwalimu akikaa miezi michache akahama, hiyo pesa imebadilisha nini?

Kipanga wa Tabata:

Ila tusibebe Chicago tu tukaacha mengine. Ile Annenberg Public Policy Center ya Pennsylvania, iliyoanzishwa 1993 kwa pesa zao, ndiyo inayoendesha FactCheck.org toka 2003, watu wanaochukua kauli ya mwanasiasa na kuipima kama ni kweli. Kila uchaguzi wa Marekani wanatumika, na hawa jamaa wa kuhakiki habari wa nchi nyingi wamejifunza kwao. Mimi hilo naliona kubwa sana.

Kalamu Nyekundu:

Hilo nakubali kwa moyo wote, FactCheck ni kazi safi. Na kichwa kile cha habari cha 1966 kisingepita mikononi mwao. Kwamba pesa ya mwenye gazeti lile ndiyo iliyoanza kulipa mishahara yao, hapo dada una swali zuri la kuwauliza wenzako darasani, kama taasisi inaweza kuwa safi kuliko aliyeijenga. Mimi jibu langu ni ndiyo, mradi aliyeijenga hana mkono kwenye chumba cha habari. Lakini nakataa kusema deni la Shapp limelipwa humo. Shapp hakupewa hata senti wala kuombwa radhi kwenye ukurasa wa mbele.

Dada wa Mchoro:

Samahani nimechelewa, mmesahau picha, na mimi ndiko niliko.

1991 Walter na Leonore walitangaza kwamba mkusanyiko wao, kazi 53 za wachoraji wa impreshoni na waliowafuata, yaani kina Monet, Renoir, Cézanne, Gauguin, Van Gogh, utakwenda Metropolitan. Thamani yake wakati ule ilitajwa kuwa karibu dola bilioni moja. Makumbusho mengi yalikuwa yanamfukuzia miaka, Philadelphia, Los Angeles, Washington, na Philadelphia waliumia maana ndiko alikotengenezea pesa. Yeye akasema wazi kwamba anapeleka nguvu penye nguvu. 1993 akawatolea tena dola milioni 57 wakanunua ule mchoro wa Van Gogh wa shamba la ngano na miberoshi, aliouchora 1889 akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy. Ukisimama mbele yake rangi imerundikwa nene mpaka mawingu yanaonekana kama yamemwagwa na mwiko.

Akiwa hai picha zilikuwa nusu mwaka kwenye makumbusho na nusu mwaka nyumbani kwake Sunnylands, Rancho Mirage, jangwani California. Hiyo nyumba nayo ina historia. Nixon alipojiuzulu 1974 alikwenda kupumzikia pale. Reagan alisherehekea mwaka mpya pale karibu kila mwaka. Malkia Elizabeth alikuja 1983, na siku hiyo mvua ikanyesha jangwani. Na 2013, baada ya Walter na Leonore wote wawili kufa, Obama alikutana na Xi Jinping pale pale, maana waliiacha iwe mahali pa viongozi kukutania, pia iko wazi kwa watu kutembelea.

Dada Bint Pangani, kuhusu lile swali la moyo wa kweli: kuna jambo moja halijatajwa hapa. Alikuwa na mtoto wa kiume, Roger, alijiua 1962. Walter kabla ya hapo tayari alikuwa amempoteza baba kwa namna ile. Harvard alikosoma Roger kuna kitu kina jina la kijana huyo. Sitaki kusema alitoa kwa sababu ya huzuni, hakuna anayejua ya ndani ya mtu. Nasema tu ukiweka baba mwanzo kama alivyosema Mzee wa Kurasa, na mtoto katikati, halafu Shapp kama alivyosema Kalamu Nyekundu, utakuwa na mtu kamili wa kumjadili.

Bint Pangani:

Dada asante sana, ya Roger sikuijua kabisa. Swali langu la mwisho wakuu, baada ya Walter kufariki hizo pesa aliziendesha nani?

Mzee wa Kurasa:

Baada ya Walter kufariki 2002 alishika Leonore mpaka 2009 alipofariki naye, kisha binti yake Walter wa mke wa kwanza, Wallis, mpaka naye alipofariki 2025. Wallis akahamishia uzito Los Angeles. Jambo lake linalojulikana zaidi ni daraja la wanyama juu ya barabara kuu ya 101 pale Agoura Hills, ujenzi ulianza Aprili 2022 na mfuko ulitoa dola milioni 25. Simba wa milimani wa kule walikuwa wamefungiwa upande mmoja wa barabara yenye magari mamia ya maelfu kwa siku, wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, wanagongwa wakijaribu kuvuka. Daraja lina udongo na mimea ya asili juu yake ili mnyama asijue yupo kwenye daraja.

Semina lini? Ukimaliza kuandika weka hapa tuipitie kabla hujaipeleka, hasa ile sehemu ya kesi ya 1939, nina mambo ya kuongeza kuhusu ile biashara ya waya.